UKURASA WA JAMAA: Fete ya theluji, bila kuingia deni



Mama mmoja wa Majengo, hapa Goma, anatuletea ulizo hili: "Mtoto wangu atatimiza miaka 8. Aliona mu kitabu cha masomo picha ya batoto wanacheza mu theluji, na sasa anataka fete yake ikuwe ya theluji. Baba yake iko ku machimbo, makuta ni kidogo. Nimwambie nini? Hii si mambo ya Wazungu?"

Mama, aksanti. Ulizo lako ni la wengi. Tulijibu kwa vipande, ili kila mtu achukue kile kinachomfaa.

THELUJI IKO KWETU PIA

Kwanza, usimcheke mtoto. Yeye hakuomba jambo la mbali sana. Theluji iko mu jimbo letu wenyewe la Kivu ya Kaskazini! Ukienda zaidi ya kilomita 200 upande wa kaskazini, mu teritwari ya Beni, utakuta milima ya Ruwenzori, pale Kongo inapopakana na Uganda. Kilele chake, Margherita, kina metre 5109. Pale juu barafu inakaa mwaka mzima, hata kama ikweta inapita karibu kabisa.

Mtoto atauliza: "Mbona hapa kwetu haianguke?" Umfanyie hesabu hii. Kila unapopanda metre 1000, hewa inapoa kwa digri 6 hivi. Goma iko karibu metre 1500, na joto lake ni kama digri 20. Kutoka hapa mpaka Margherita ni kupanda metre 3600, ni kusema baridi inaongezeka kwa digri 21 ao 22. Ishirini ukitoa 22 unafika chini ya sifuri, na maji yanaganda. Mtoto wa miaka 8 anaweza kufahamu hesabu hiyo, na atajivuna kuieleza wenzake.

Tena kuna mlima ulio karibu zaidi. Asubuhi moja moja, kama mvua baridi ilinyesha usiku na mawingu yametoka, kichwa cha Karisimbi (metre 4507) kinaonekana cheupe. Jina lenyewe linatokana na "isimbi", ile simbi nyeupe ya zamani. Wazee waliona weupe huo mbele ya vitabu vya Wazungu kufika.

Umwambie mtoto neno lingine la kweli: barafu ya Ruwenzori inapungua. Mwaka 1906, wakati watu wa Duke wa Abruzzi kutoka Italia walipopanda vilele vile, barafu ilikuwa kubwa kuliko leo mara nyingi. Dunia inapata joto, na kile kilichobaki ni sehemu ndogo tu. Basi fete hii itamfundisha pia kuangalia kile kilicho chetu mbele hakijapotea.

HESABU MBELE YA KUALIKA

Mu mji wetu kuna desturi mbaya inayokua: gato ya ngazi tatu, sale ya kulipia, mpiga picha, nguo za rangi moja. Kiisha fete, mama anafichama mbele ya mwenye duka. Mwishoni mwa Januari 2025 mabenki ya Goma yalifunga milango, na nyumba nyingi zilijifunza kwa nguvu kuhesabu tu makuta yaliyo mu mkono. Fundisho hilo tusilisahau.

Sheria yetu ni tatu:

1. Usiguse pesa ya likelemba, ya nyumba, ya dawa, wala ya masomo. Fete inakaa saa tatu, lakini deni linaweza kukaa miezi sita.

2. Alika watoto kwa hesabu ya miaka. Mtoto wa miaka 8, wageni 8. Hivi hakuna jirani anayeweza kusema alidharauliwa, sababu sheria inajulikana.

3. Umwonyeshe mtoto makuta yenyewe juu ya meza. Umwambie: "Haya ndiyo ya fete yako. Tuchague pamoja." Mtoto anayechagua halalamike. Mtoto anayefichwa ndiye analia.

Hatuandiki bei hapa, kwa sababu bei ya soko la Virunga ya leo si ya kesho. Lakini ukifuata mashauri haya, vitu vya kununua ni unga wa ngano, sukari, mayai matatu, maziwa, mafuta kidogo, viazi na karoti moja. Vingine viko mu nyumba tayari.

KUPAMBA

Hapa Goma tuna bahati ambayo wengine hawana: udongo wetu ni mweusi. Kitu cheupe kikiwekwa juu ya mawe ya volkano kinang'aa sana. Basi fanyeni fete mu parseli, mchana, kati ya saa nane na saa kumi na moja.

Nyota za theluji. Chukua kurasa nyeupe za kaye za mwaka uliopita, zile zisizoandikwa. Weka sahani juu, chora duara, kata. Kunja duara katikati. Ile nusu uigawe mafungu matatu sawasawa: kunja upande wa kuume juu, kiisha wa kushoto juu yake. Kunja tena mara moja katikati. Sasa kata vitundu kwa mkasi, pembeni na juu. Ukifungua, utaona nyota yenye mikono sita. Kwa nini sita? Sababu maji yakiganda polepole mu mawingu, chembe zake zinajipanga kwa pembe sita. Mkulima mmoja wa Vermont, Marekani, Wilson Bentley, alianza mwaka 1885 kupiga picha za chembe za theluji akitumia mikroskopi. Alipiga zaidi ya 5000 mu maisha yake. Shule yake ya kwanza ilikuwa nyumbani, mama yake ndiye alimfundisha. Mama, ulisikia?

Mtu wa theluji. Panga bidon mbili za njano, moja juu ya ingine, na sufuria ndogo juu kabisa. Funga kamba imara, kiisha vika shuka nyeupe. Macho ni makala mawili, pua ni karoti, kofia ni ile ya baba. Bidon za chini zijae maji ili asianguke juu ya watoto. Kesho yake maji yanapikiwa, na karoti inaingia mu supu. Hakuna kilichopotea.

Gari la theluji. Mu inchi za baridi watoto wanavutwa juu ya ubao unaoteleza. Sisi tuna chukudu. Kama kaka mkubwa ana chukudu ndogo, mupambe kwa vitambara vyeupe, kila mtoto apande zamu yake, mu kiwanja sawa tu, si ku mtelemko wa barabara.

Neno moja: usimwage unga ili ufanane na theluji. Jirani anayeona unga chini, na watoto wake walilala bila kula, atakumbuka siku hiyo kwa uchungu. Chakula si mapambo.

KULA NA KUNYWA

Gato bila furu. Changanya vikombe 3 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha sukari, vijiko 3 vidogo vya levire ya gato na chumvi kidogo sana. Pembeni, piga mayai 3, ongeza nusu kikombe cha mafuta na kikombe 1 cha maziwa. Unganisha vyote, usipige sana. Paka mafuta mu sufuria ndogo, mimina. Chukua sufuria kubwa, weka mchanga mukavu ndani, pasha moto, kiisha weka ile ndogo juu ya mchanga. Funika, na juu ya kifuniko weka makala machache yenye moto. Moto uwe mdogo. Baada ya dakika 45 hivi, choma kwa kijiti kisafi. Kikitoka kikavu, gato imeiva. Kikitoka na unga mubichi, ngoja dakika 10 tena.

Theluji ya juu. Twanga vijiko vinne vya sukari mu kinu kikavu mpaka iwe unga. Gato ikipoa, laza juu yake moja ya zile nyota za karatasi, safi na mpya. Chekecha sukari juu yake, kiisha nyanyua karatasi polepole. Umbo la nyota litabaki juu ya gato. Tuliona watoto wanapiga makofi kwa jambo dogo hili kuliko kwa gato ya duka.

Pamoja na gato, toa viazi vya kuchemsha vyenye kipande cha jibini ya Masisi, na chai ya maziwa yenye tangawizi. Fete ya baridi haihitaji sukari nyingi ya chupa. Inahitaji kitu cha moto mu kikombe.

MICHEZO MITATU

Mipira ya theluji. Soksi kuukuu zikunjwe na kufungwa mu vitambara vyeupe. Weka beseni mbali, kila mtoto atupe tano. Tunahesabu zilizoingia. Marufuku kutupa usoni.

Kimya kama barafu. Mmoja anaimba na kupiga makofi, wengine wanacheza. Akinyamaza, wote wanaganda. Anayetikisika anakaa pembeni na kuwa mwamuzi.

Pengwini. Huyu ni ndege wa bara la barafu la kusini. Jike akitaga yai, anampa dume, kiisha anakwenda mbali baharini kutafuta chakula. Dume anabaki amesimama na yai juu ya miguu, mu upepo mkali, zaidi ya miezi 2 bila kula. Madume wanasongana ili wapashane joto, na wanapokezana: wa nje anaingia ndani, wa ndani anatoka nje. Mu mchezo wetu, kiazi ndicho yai. Kila mtoto akibebe juu ya miguu yake kutoka ukuta mpaka ukuta bila kukiangusha.

ANGALISHO

Hapa tunaomba wazazi wasome polepole.

Pamba na mshumaa. Wengi wanatandaza pamba nyeupe juu ya meza na kuwasha mishumaa hapo hapo. Tangu volkano ya 2002, nyumba nyingi za Goma ni za mbao, na zinasongana. Pamba inashika moto kwa kufumba macho. Mshumaa uwe mmoja, juu ya gato, mu mkono wa mtu mzima, nje. Ndoo ya maji iwe karibu.

Babula mu nyumba. Kama mvua inawarudisha ndani, usiingize babula yenye makala na kufunga milango ili watoto wapate joto. Makala yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na inaua watu wakisinzia. Mtoto akisema kichwa kinauma ao analegea, mtoe nje mara moja, na mumpeleke ku hospitali.

Punje nyeupe. Zile punje nyepesi za ndani ya maboksi ya televizio zinafanana na theluji, lakini zinaingia mu pua na mu koo la mtoto mdogo. Ziache.

Mazuku. Kwa wanaokaa upande wa Himbi, Keshero na Bulengo: watoto wasijifiche mu mashimo wala mu bonde dogo wakati wa mchezo. Ile hewa nzito ya volkano inakaa chini, na mtoto mfupi ndiye anaivuta mbele ya mtu mzima. Asubuhi mapema na jioni pasipo upepo ni hatari zaidi.

KAMA BABA IKO MBALI

Mama, ulisema baba iko ku machimbo. Rubaya, Bisie, ao kwingine, jambo ni moja: siku kuu ya mtoto inafika, na kiti kimoja kiko wazi. Mtoto anaweza kufikiri kwamba baba alisahau, hata akinyamaza.

Basi mpigie baba simu wiki moja mbele. Usianze na makuta. Umwombe maneno tu: atoe habari ya siku mtoto alipozaliwa, mvua ilikuwa namna gani, nani alimbeba kwanza. Kama mtandao hauko, na aandike karatasi, alete mwenzake anayeshuka. Karatasi hiyo isomwe mbele ya wageni, wakati wa kukata gato. Kama baba hayuko tena mu dunia, mjomba ao babu aseme habari hiyo kwa niaba yake. Usiruke jina lake.

Kiisha mchezo wa pengwini, eleza watoto jambo hili: mu ndege wale, mmoja anasafiri kutafuta chakula, mwingine anabaki na yai. Wote wawili wanalea. Wala hakuna anayebaki peke yake, sababu majirani wanasongana naye. Wengi mu fete yako wana baba ao mama aliye mbali, na watafahamu bila kufafanuliwa sana.

Na ninyi vijana, kaka na dada wakubwa: kukata nyota, kufunga bidon, kuchunga babula, ni kazi yenu. Musingoje mama aombe. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Tunawatakia fete njema. Mutuandikie namna ilivyokwenda, na kama gato iliungua chini, mutuambie pia: mara ingine mchanga uwe mwingi zaidi.