Ndugu Wakigombana Shambani Mwa Mwingine

Wahenga walinena: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Nilipokuwa nikiufafanua usemi huu darasani hapa Njoro, mwanafunzi mmoja aliniuliza: je, ndugu hao wakigombania katika shamba langu, nikalime wapi? Sikuwa na jibu, ila niliikumbuka Kisangani.

Uganda na Rwanda zilikuwa ndugu wa vita. Paul Kagame na marehemu Fred Rwigyema walipigana msituni pamoja na Yoweri Museveni hadi alipotwaa Kampala mwaka 1986. Mwaka 1997 majeshi ya nchi hizo yalishiriki kumng'oa Mobutu, na mwaka 1998 yakaingia Kongo tena.

Huko ugenini ndiko undugu ulikokatikia. Kila upande ulikuwa na kundi lake la waasi, na jicho lake katika almasi na dhahabu. Majeshi hayo yalipigana Kisangani Agosti 1999. Kisha Juni 2000 yakapigana kwa siku sita, yakirushiana maelfu ya makombora katikati ya makazi. Mamia ya raia waliangamia. Kiswahili kilikuwa kimezoeleka katika majeshi yote mawili, na wakazi wengi wa mji huo hukisema pia. Mimi mwanaisimu niliyeamini kwamba lugha moja huzuia damu, nilisutwa.

Tusidhani hayo ni ya mbali. Malori ya Kampala na Kigali hupita Nakuru. Rwanda ilipoufunga mpaka wa Gatuna, tangu Februari 2019 hadi Januari 2022, uhasama wa majirani hao ulimgusa hata dereva alalaye Salgaa. Kenya nayo ilipeleka wanajeshi Kongo Novemba 2022 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Waliondoka Desemba 2023, baada ya Kinshasa kukataa kuwaongezea muda ikilalamika kwamba hawapambani na waasi wa M23. Waliomwita mgeni ndio waliomfungulia mlango atoke.

Rai yangu ni hii: kabla ya kuvuka mpaka pamoja na mshirika, na ijulikane bayana tunatafuta nini, nani anaamuru, na tutatoka lini. Urafiki wa jana si mkataba.

Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita hivyo. Mwenye shamba alikuwa amengoja zaidi ya miaka 20, na waliozikwa Kisangani hawatavuna kitu.