Rangi ya Samaki wa Mastaa Haitoki Kwenye Kopo la Bei Mbaya

Mjini siku hizi sebule bila tangi la samaki ni kama haijamalizika. Picha ikipigwa, lazima nyuma ya kochi waonekane wale wa njano na wa bluu wakikatiza kwenye taa, na chini yake watu wanajazana kuuliza: "Bosi, unawalisha nini?" Swali zuri. Shida ni majibu. Kila anayeulizwa anataja kopo, na kila kopo limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba linatia rangi na kukuza haraka.

Chukua stori ya staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni. Jamaa ana tangi la mbuna refu kuliko kitanda, na kwa muda mrefu samaki wake walikuwa wanalishwa chembe za kijani za mwani, chakula cha kawaida tu, bei ya kawaida. Siku moja rafiki yake, naye ni jina la mjini, akamwambia hicho ni chakula cha kimaskini, samaki wa kishua wanapewa nyama. Bosi akaagiza minyoo wekundu wakavu, akaagiza na kopo la bei mbaya lenye picha ya samaki mwekundu kama pilipili, halafu akamwamuru dogo anayehudumia tangi amwage asubuhi, mchana na jioni. Baada ya wiki kadhaa samaki wakagoma kula, matumbo yakavimba, kinyesi kikawa cheupe kama uzi. Wakaanza kuelea mmoja mmoja.

Nani alilaumiwa? Dogo. Kaambiwa kaweka dawa kwenye maji, kafukuzwa, na mshahara wa mwezi ule hajauona mpaka leo. Hapo dogo kaonewa, tena mchana kweupe.

Mbuna si samaki wa kulishwa kama paka. Kwao ni Ziwa Nyasa, kwenye miamba, na upande wa Tanzania wapo mpaka Mbamba Bay. Wengi wao wanaishi kwa kukwangua mwani kwenye mawe kutwa nzima, kidogo kidogo, na utumbo wao ni mrefu kwa sababu mwani unachelewa kusagika. Tropheus wa Ziwa Tanganyika, wale wanaovuliwa Kigoma na kusafirishwa kwenda kuuzwa Ulaya, nao ni walewale, na wanajulikana kuwa wepesi zaidi wa kuvimba. Wataalamu bado wanabishana kama ugonjwa ule wa tumbo unaanzia kwenye chakula, msongo au vijidudu vilivyokuwa tumboni tangu mwanzo. Ila wafugaji wa mbuna wanaimba wimbo mmoja miaka nenda rudi: punguza nyama, punguza mafuta, usiwashibishe. Bosi alifanya kinyume cha yote matatu kwa mpigo, halafu akatafuta mchawi.

Sasa turudi kwenye rangi, maana ndiyo inayouza makopo. Wekundu, njano na rangi ya chungwa kwa samaki vinategemea sana karotenoidi, na samaki hawezi kuzitengeneza mwilini. Lazima azile. Kama umewahi kuona picha za flamingo wa Ziwa Natron, ni kitu hichohicho: wale ndege wanapata uwaridi wao kwenye viumbe vidogo vya majini wanavyochuja, vikiwemo ndugu wa spirulina inayouzwa kwenye makopo ya afya. Salmoni wa kufugwa naye nyama yake ni ya chungwa kwa sababu anawekewa astazanthini kwenye chakula. Na astazanthini hiyohiyo ndiyo inayofanya uduvi uwe mwekundu ukipikwa. Kwa hiyo kopo lenye spirulina, uduvi au astazanthini linaweza kweli kukoleza njano na wekundu. Hapo hamna uongo.

Uongo unaanzia kwenye bluu. Kwa samaki wengi bluu si rangi ya kula. Inatokea kwa namna mwanga unavyogonga vioo vidogo mno vilivyomo ndani ya seli za ngozi na kurudi. Huwezi kulisha kioo. Wa bluu aking'aa zaidi, mara nyingi ni kwa sababu ana afya, maji ni safi, ametulia, au ni dume lililoshinda ugomvi na sasa linatawala kona yake. Wale wanaonunua kopo la kukoleza rangi kwa ajili ya tangi lililojaa samaki wa bluu wanachangia tu pango la muuzaji.

Mastaa wengi hulinganisha makopo kwa bei. Wajanja kidogo wanalinganisha asilimia ya protini, na hapo ndipo mabishano ya mitandaoni yanapopamba moto. TetraMin, kizazi cha kile chakula cha vipande vyembamba kilichoanzia Ujerumani miaka ya 1950, lebo yake husema kama asilimia 46 au 47. Hikari Cichlid Gold ya Japani huanzia 40. Basi mtu anaona 47 ni kubwa kuliko 40, anahitimisha kwamba ya kwanza inakuza zaidi. Hesabu ya darasa la pili hiyo. Protini ya samaki mzima au uduvi si sawa na protini ya ngano na soya, ingawa kwenye namba zote zinahesabiwa pamoja. Na protini inayozidi mahitaji haigeuki kuwa urefu wa samaki. Inatoka kama amonia kwenye maji, na amonia ndiyo inayochoma mashavu ya samaki mpaka wanapandisha vichwa juu kutafuta hewa.

Cha kusoma kwenye lebo ni mpangilio wa viungo. Kinachotajwa kwanza ndicho kingi kwa uzito. New Life Spectrum ya Marekani imejijengea jina kwa kutanguliza uduvi wa Antaktika. Makopo mengine yanatanguliza samaki, mengine unga wa ngano. Lebo za Ulaya zina ujanja wake, zinaruhusiwa kuandika "samaki na mazao ya samaki" bila kusema ni minofu au ni vichwa na matumbo. Unga kidogo si dhambi, maana bila wanga chembe haishikani. Ila ngano ikiongoza orodha, unanunua maandazi yenye harufu ya samaki.

Kwa tangi la mbuna la kawaida, chembe za mwani au spirulina zikiwa chakula cha kila siku, na kitu chenye uduvi mara moja moja kwa wiki kwa ajili ya wale wa njano, linashinda kopo lolote la nyama. Yule wa njano anayependwa na kila mtu, Labidochromis caeruleus, huko ziwani huokota wadudu wadogo, ndiyo maana anavumilia uduvi kuliko wenzake. Ukifuga goldfish au wale wenye nundu kichwani, hesabu ni nyingine. Na kwa wale wa nundu, makopo yanayoahidi kukuza kichwa yasikuzingue sana: nundu inategemea kwanza ukoo wa samaki na kama ni dume.

Halafu kuna kitu ambacho hakuna staa anayekiposti, nacho ni umri wa kopo. Chakula kikali kuliko vyote duniani kikishafunguliwa na kuachwa juu ya tangi, chini ya taa, kwenye joto na unyevu wa Dar, kinaanza kuharibika. Vitamini C inapotea mapema, mafuta yanachacha. Kuna mwanadada wa filamu anayejisifu kwamba kopo lake kubwa limemtosha mwaka mzima, kalinunua kwa bei ya jumla. Samaki wake wamepauka kama kanga iliyofuliwa kwa jiki, na anadai wamerogwa. Kopo dogo linaloisha ndani ya miezi miwili, likafunikwa vizuri na kuwekwa pasipo na joto, lina faida kuliko ndoo. Vile vifuko vya nailoni vinavyopimwa kutoka kwenye gunia lisilo na jina ndiyo kabisa, hakuna tarehe, hakuna orodha ya viungo, hujui ni cha samaki au cha vifaranga.

La mwisho ni la kutisha kidogo. Kwenye biashara ya samaki wa mapambo duniani ipo tabia ya kuwapa samaki wadogo homoni ya kiume ili watoe rangi za kikubwa kabla ya umri wao. Ni homoni ileile, methyltestosterone, inayotumika kupata sato madume watupu kwenye mabwawa. Samaki anang'aa dukani, anafika nyumbani, baada ya wiki kadhaa rangi inakimbia, na wengine hawazai vizuri tena. Mnunuzi analaumu chakula chake, anakimbilia kopo la bei mbaya zaidi, tena kwenye duka lilelile. Kasamaka ka sentimita tatu chenye rangi kali kama za babu yake kinatakiwa kukutia shaka. Muulize muuzaji anakilisha nini, mwambie alishe mbele yako, na ukiona amechota kwenye kopo lisilo na lebo, rudisha pochi mfukoni.