Fedora, diski zetu mlizificha wapi?

Jamani, kuna vitu vya kufanyia majaribio, lakini programu inayoweza kufuta diski ya mtu si mojawapo.

Fedora 18 ilipotoka Januari 2013, baada ya kuahirishwa mara kadhaa, Anaconda, programu yake ya kusakinisha, ilikuwa na sura mpya kabisa. Zamani ulipelekwa hatua kwa hatua: kibodi, saa, nenosiri, diski. Sasa ukatupiwa skrini moja yenye vipengele vyote, uingie na kutoka upendavyo. Na kitufe cha kumaliza? Juu kushoto, pale tulipozoea kukuta cha kurudi nyuma!

Hayo ningesamehe. Nisilosamehe ni upande wa diski. Anaconda ya zamani ilikuchorea diski yako: hii sda1, hii sda2, kila moja na ukubwa wake. Mpya ikapanga partisheni chini ya jina la mfumo uliomo. Mwenye tarakilishi moja, Windows huku na Linux kule, anataka kujua jambo moja tu kabla ya kubofya: ni nini kitafutwa? Jibu hilo si la kutafutwa kwa tochi.

Utaambiwa, "mtazoea". Tutazoeaje kitu tunachokitumia siku moja, kisha tunakisahau hadi toleo lijalo?

Aprili 2025, Fedora 42 Workstation ilikuja na Anaconda ya sura nyingine, inayokwenda tena hatua kwa hatua. Miaka 12! Wasanifu, tuonyesheni diski kwanza. Urembo baadaye.