Nani Kasema Kibarua Hagomi?

Kuna neno linalorudiwa vijiweni na kwenye ofisi za waajiri. Linaloniuma zaidi ni kwamba hata baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi hulisema: kibarua hawezi kudai. Hana mkataba, kesho yake haijulikani, na akipandisha sauti leo, asubuhi atamkuta mwenzake getini ameshachukua nafasi. Kudai haki, tunaambiwa, ni kwa walimu, madaktari na watu wenye barua za ajira.

Si kweli, na pwani yetu ndiyo shahidi.

Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ilisimama. Makuli wa Kilindini waliacha shehena melini. Watu wa reli, wa hoteli, na wapishi wa majumbani kwa Wazungu nao wakaweka kazi chini, wote pamoja watu wapatao 15,000. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha lakini bei za chakula na nguo zilikuwa juu, vyumba havipatikani, na ujira ulikuwa umeachwa nyuma. Kila siku walikutana kwenye uwanja wa mpira ambao wenyewe waliupa jina la Kiwanja cha Maskini. Chama chao, ambacho Chege Kibachia alikuja kukiongoza, kilizaliwa pale pale, mgomo ukiendelea. Wale wanaosema kibarua hana chama, kwa hiyo hawezi kugoma, wameigeuza historia miguu juu: Mombasa, mgomo ndio uliozaa chama.

Mgomo ulidumu siku 12. Serikali ililazimika kuunda baraza la kuamua mgogoro, na mishahara ikapanda. Septemba mwaka huohuo makuli wa Dar es Salaam, wengi wao wa kutwa, waligoma, na mgomo ukafuata reli ya kati hadi bara. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Zanzibar: mgomo ulianza kwa makuli, ukaenea mjini.

Nguvu hiyo ilitoka wapi? Ilitoka palepale tunapoambiwa pana udhaifu. Chini ya sheria za kikoloni za bwana na mtumishi, mtu wa mkataba wa mwezi akitoroka kazi alikuwa ametenda jinai, na angeweza kufungwa. Kibarua mkataba wake ulikwisha jua likizama. Asipotokea kesho, amevunja nini? Leo alibeba mizigo ya kampuni hii, kesho ya ile, kwa hiyo malalamiko yake hayakuishia kwa bwana mmoja. Alikuwa anawajua makuli wa bandari nzima, na jioni alikaa nao mtaa mmoja. Wakoloni waliliona hilo mapema kuliko sisi. Ndiyo maana waliwaandikisha vibarua wa bandari na kupunguza idadi yao, wapate watu wachache wa kudumu ambao wangewajua kwa majina.

Sitasema ilikuwa rahisi. Agosti 1947 Kibachia alikamatwa, akahamishiwa kizuizini Baringo, mbali na watu wake. Chama cha makuli wa Dar es Salaam kilivunjwa na serikali baada ya mgomo wa 1950. Gharama ililipwa na watu wenye familia na kodi ya chumba, kama alivyo leo saidia fundi, mpakiaji wa sokoni au dada wa kazi. Lakini aliyelipa gharama hiyo alikuwa kibarua, na tuliorithi nyongeza zake hatuna haki ya kumwambia mjukuu wake kwamba hawezi.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na ya kugoma. Imesema kila mfanyakazi. Haikusema mwenye barua ya ajira.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vyama waache kungojea michango inayokatwa kwenye mishahara ya wenye ajira za kudumu. Nendeni saa kumi na mbili asubuhi kwenye mageti ya mijengo, na saa tisa usiku sokoni malori yanaposhusha mizigo. Andikisheni watu huko. Na wewe unayelipwa kwa kutwa, mwulize mwenzako wa pembeni leo hii: analipwa ngapi?