Mpangilio mbovu wa mafaili utawatia hasara wafanyabiashara Nyamagana

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wanunuzi wa samaki na pamba wilayani Nyamagana wanaujua ukweli huo. Siku hizi daftari la mapokezi limehamia kwenye kompyuta, lakini nidhamu ya kulitunza haijahama nalo.

Kila mfumo endeshi huja na mafaili ya mipangilio ya awali, yanayoieleza kompyuta ifuate saa ya wapi na itunze kumbukumbu wapi. Seva nyingi za kukodi huja na saa ya kimataifa, UTC, iliyo nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa tatu. Sangara waliopokelewa saa 8 usiku wa kuamkia Julai 1 huandikwa kuwa wamefika saa 5 usiku wa Juni 30. Mzigo umehamia siku nyingine, mwezi mwingine na, kwa anayefunga hesabu Juni, mwaka mwingine wa fedha.

Kwa mji ulioshuhudia Umoja wa Ulaya ukizuia samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1999 kwa hofu ya sumu, kumbukumbu ya mzigo si jambo la mzaha.

Mafundi wengi hurekebisha saa hiyo ndani ya faili la awali lenyewe. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Kwa mfano, programu za mapokezi zilizoandikwa kwa PHP husoma faili la php.ini, lenye mistari zaidi ya elfu moja. Debian 12 ya mwaka 2023 ilikuja na PHP 8.2, na Debian 13 ya mwaka 2025 ikaja na PHP 8.4, yenye folda yake mpya na php.ini yake mpya. Mstari uliorekebishwa hubaki kwenye folda ya zamani, na saa ya UTC hurudi kimyakimya.

Njia bora ipo na haina gharama. Faili la awali lisiguswe. Marekebisho ya ofisi yawekwe katika faili dogo la pekee ndani ya folda ya conf.d, kwa jina kama 90-mapokezi.ini. PHP husoma mafaili hayo kwa mpangilio wa majina, na la mwisho ndilo hushinda. Namba ziwe na tarakimu mbili, kwani 5 bila sifuri husomwa baada ya 10. Hata hivyo, si kila programu hufuata kanuni hiyo: sshd hushika agizo la kwanza.

Aidha, mistari ya juu ya faili ieleze kwa Kiswahili nani alibadili nini, lini na kwa sababu gani. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kuwa kompyuta na Kiswahili vinaelewana.

Wapo watakaosema haya ni ya makampuni makubwa. Kinyume chake, kampuni kubwa ina mafundi kumi. Chama cha ushirika kina mmoja, na akiondoka huondoka na siri zote kichwani. Viongozi wa vyama na wenye maghala waliandike sharti hili kwenye mkataba wa fundi kabla ya msimu ujao.