Mtoto hawezi kumwambia mwalimu "sitaki"

Wadau, wiki hii kwenye saikolojia ya elimu tulikuwa na maadili ya utafiti, na mada imepita kama upepo: ridhaa, usiri, haki ya kujitoa, haya tuendelee. Watu wamedesa, wamemaliza. Mimi sijamaliza.

Mwaka 1939 huko Iowa, Marekani, Mary Tudor, mwanafunzi wa uzamili aliyesimamiwa na Wendell Johnson, alikwenda kwenye kituo cha yatima mjini Davenport akachukua watoto 22. Sita kati yao walikuwa wanaongea vizuri tu. Akawaambia wana kigugumizi, wajichunge kila wakifungua mdomo, na kama hawawezi kusema sawasawa bora wanyamaze. Wengine wakaanza kugoma kuongea. Na watoto waliamini wanasaidiwa, jamani! Chuo Kikuu cha Iowa kiliomba radhi mwaka 2001. Mwaka 2007 jimbo likakubali kulipa dola 925,000. Miaka 68 hiyo.

Najua mtaniambia sisi hatumpi mtu kigugumizi, sisi tuna hojaji tu. Sawa. Ila mlango wa kile kituo nani aliufungua? Wakubwa. Na sisi ni hivyo hivyo: barua ya chuo, muhuri wa afisa elimu, mkuu wa shule anasaini, tunaingia kidato cha pili na kusema "toeni kalamu". Mtoto aliyekwisha kukuamkia "shikamoo mwalimu" atakukatalia vipi? Halafu maswali yenyewe sasa: baba anakunywa pombe? Umewahi kupigwa nyumbani? Jina liko juu ya karatasi, na anayekusanya ni monita, anazisoma zote njiani. Usiri gani huo?

Kuna jamaa ananiambia eti nikianza kumwomba ruhusa kila mtoto, sampuli itapungua. Ipungue! Mtoto anayeogopa fimbo anakupa jibu analodhani unalitaka, wewe unaenda kuliita data.

Ninachodai ni kidogo tu. Mwalimu wa darasa atoke nje. Majina yasiandikwe. Mtoto aambiwe, kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba akirudisha karatasi tupu hakuna atakayemuuliza.

Sasa wewe unayekwenda fildi, ukirudishiwa karatasi kumi tupu utaziandika kwenye ripoti, au utampa monita azirudishe zikajazwe?