Mpende Cacnea kwenye simu, lakini usimbebe hadi ushago

Desemba iliyopita nilifunga safari kwenda kumwona nyanya Leparua, kule Isiolo. Nilibeba unga, sukari, majani chai na zawadi moja niliyojivunia kuliko zote: dungusi kakati dogo ndani ya chungu cha udongo, lenye vipande bapa kama masikio ya sungura. Nililinunua kwa wauza maua wa kando ya barabara Nairobi. Sababu ya kulinunua ni ya kitoto kidogo, lakini nitaisema: lilinikumbusha Cacnea.

Kama hukulelewa na gemu za Pokémon, wacha nikueleze. Cacnea ni kiumbe wa kijani mwenye umbo la dungusi, mikono imejaa miiba na kichwani ana ua la manjano. Alitokea mara ya kwanza mwaka wa 2002 katika Pokémon Ruby na Sapphire, gemu zilizotengenezwa na kampuni ya Game Freak ya Japani. Wengi wetu mtaani hatukuwahi kumiliki Game Boy. Tulicheza miaka mingi baadaye, kwa programu inayoifanya simu ijifanye Game Boy. Unamkuta Cacnea jangwani, unamnasa, unampiganisha, na akifika levo ya 32 anageuka kuwa Cacturne, jitu linalosimama tuli mchana kutwa ili lisipoteze maji, kisha usiku linatoka kuwinda waliochoshwa na joto.

Nyanya alikitazama chungu changu. Hakuuliza bei. Aliuliza kama hilo dungusi lina vile vimiiba vidogo vinavyoingia kidoleni bila kuonekana. Nikamwambia ndiyo, tena vilikuwa vimenisumbua njia nzima ndani ya matatu.

"Basi mjukuu wangu, litarudi nawe ulikolitoa," akasema. "Hilo halipandwi hapa."

Nilinuna. Jioni ndipo aliponieleza. Ana jamaa zake upande wa Doldol, katika kaunti jirani ya Laikipia. Huko, alisema, malisho aliyoyajua akiwa msichana yamemezwa na dungusi. Mbuzi wakikosa nyasi hula matunda yake, vimiiba vikawakwama mdomoni, tumboni na hata machoni. Jamaa yake mmoja alichinja mbuzi wawili waliopofuka. Na ukiwa mfugaji, mbuzi wawili si hadithi ya kuhurumia tu. Hiyo ni karo ya mtoto.

Niliporudi mjini nilianza kusoma. Dungusi linalosumbua Laikipia, jamii ya Opuntia, asili yake ni bara la Amerika. Lililetwa Kenya enzi za ukoloni, watu wakalipanda kama pambo na kama ua wa kuzungushia boma. Lilikuwa pambo, jamani, kama langu! Halafu likatoka nje ya ua. Ndovu, nyani na ndege wanakula matunda na kudondosha mbegu mbali. Kipande kimoja kikianguka chini, kinatoa mizizi na kuwa mmea mpya. Ukilikatakata ovyo kwa panga, huliui. Unalizidisha.

Hapo ndipo nilipomwona Cacnea kwa jicho jingine. Yeye akiwa jangwani yuko kwao, na gemu imempangia mipaka yake. Dungusi la Laikipia liko ugenini, na maadui waliolidhibiti kwao hawakuja nalo.

Sasa, mliocheza, niambieni: Cacturne anaogopa nini kuliko vyote? Mdudu. Yeye ni aina ya nyasi na giza kwa pamoja, kwa hiyo pigo la aina ya mdudu linamuumiza mara 4. Basi jueni kwamba waliotunga gemu hawakukosea sana. Katika miaka ya 2010, wataalamu wa shirika la CABI walianza kutumia mdudu anayeitwa kochinili dhidi ya dungusi huko Laikipia. Ni mdogo, amejifunika kitu cheupe kama pamba, na kazi yake ni kufyonza maji ya dungusi hadi linanyauka. Ukimponda anatoa rangi nyekundu kama damu, rangi ambayo watu wametilia nguo kwa karne nyingi.

Australia walipitia hayo kabla yetu. Kufikia miaka ya 1920, dungusi lilikuwa limefunika zaidi ya hekta milioni 24 na wakulima wakahama mashamba yao. Waliokolewa na viwavi wa nondo aliyeletwa kutoka Argentina. Watu wa Boonarga, jimbo la Queensland, walifurahi hadi wakajenga ukumbi kwa heshima ya mdudu huyo, na ukumbi bado upo.

Lakini mdudu si muujiza. Kochinili anayemaliza aina moja ya dungusi huenda asiiguse aina nyingine. Na kazi yake huchukua muda, huku mbuzi wakiendelea kupofuka. Ndiyo maana nasema vita hivi hushindwa au hushindikana mapema, mmea ukiwa bado levo ya kwanza. Anayesubiri hadi levo ya 32 atalia.

Na sisi Wakenya tumeshasubiri mara moja. Mathenge uliletwa kwa nia njema, ili kurudisha kijani penye ukame. Ulipofika mwaka wa 2006, wakazi wa Baringo walikuwa mahakamani Nairobi wakiishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akapelekwa kama ushahidi, maana maganda matamu ya mmea huo yalikuwa yameyaozesha. Leo mathenge uko Isiolo pia. Tukikubali dungusi lifuate njia hiyo hiyo, tutakuwa tumefanya hivyo macho wazi.

Najua wazazi wengi wataruka juu ya hoja hii: si mwache hizo gemu basi, mjifunze vitu vya maana? Hapana. Gemu ndiyo iliyonifundisha kuuliza maswali yanayofaa. Huyu ni aina gani? Anaishi wapi? Anakua vipi? Udhaifu wake ni upi? Kijana wa Pipeline anaweza kukutajia Pokémon 200 na udhaifu wa kila mmoja bila kusita. Hiyo ni akili, wala si upuuzi. Tatizo ni kwamba kijana huyo huyo, nikiwemo mimi, hawezi kutaja mimea 10 ya malisho ya nyanya yake. Binamu yangu wa miaka 13 huko Leparua anaijua yote, na hajawahi kupewa hata cheti kwa ujuzi huo.

Kuna watakaosema kwamba sisi wa mjini hatuna mchango, hayo ni ya wafugaji na serikali. Nani sasa ananunua madungusi ya kupamba balkoni? Nani huyarithisha marafiki akihama nyumba, au kuyatupa kwenye shimo la taka karibu na mto? Ni sisi. Kwa hiyo tuanzie hapo. Kabla ya kununua, uliza ni aina gani. Likiwa na vipande bapa na vimiiba vidogo vidogo, liache dukani. Ukiwa nalo tayari, liweke ndani ya chungu, usigawe vipande, na usilibebe kwenda ushago kama zawadi. Na ukienda ushago, tembea na mchunga mbuzi asubuhi moja, umwombe akutajie mimea, uiandike majina. Ukiona dungusi changa mahali ambapo halikuwepo, waambie wazee siku hiyo hiyo.

Langu lilirudi Nairobi kwa matatu ile ile. Liko dirishani, ndani ya chungu chake, na jina nimeliita Cacnea. Likitoa tunda nalichuma kabla halijaiva. Krismasi ijayo nitampelekea nyanya leso.